Ukiisoma Atasogea

Hospitali, 4 Februari

Wifi yangu Fundi,

Nimefika. Kitanda nimepewa, cha tatu kutoka mlangoni. Hofu yangu ni kwenu na hofu yenu ni kwangu, basi hapo tumegawana sawa, hakuna wa kumlalamikia mwenzake.

Daktari amesema kifua changu kitakaa kwenye dawa mpaka makohozi yapimwe yaonekane safi, na yakishaonekana safi yapimwe tena. Ni miezi, wifi. Hakutaja mingapi nami sikuthubutu kuuliza. Watoto hawavuki geti la hapa. Nilijua hilo kabla sijaondoka, lakini kujua ukiwa nyumbani na kujua ukiwa hapa ni vitu viwili.

Sasa nina jambo. Chiriku hajawahi kutoka mtaani kwetu, kwake dunia inaishia bombani. Siku ninamuaga aliniuliza, "Huko unakokwenda ni nyuma ya nini?" Nilikosa jibu kwa sababu hata mimi sikuwa nimewahi kufika. Leo jibu ninalo. Naomba umsomee njia niliyopita, kipande kwa kipande kadiri nitakavyokuwa naandika, ajue mama yake yuko nyuma ya nini. Mtu ukijua alipo hajapotea. Tena mwakani anaanza darasa la kwanza, ataingia mto na milima viko tayari kichwani.

Shule yangu iliishia wapi unajua, wewe ndiye uliyenishonea sare ya mwisho. Lakini jiografia sikuisahau, na sababu ni mwalimu wetu wa darasa la tano. Vitabu vilikuwa havitoshi. Alikuwa nacho kimoja, basi akawa anatusomea kwa sauti. Hakutuambia watu wakienda mlimani wataona hiki na kile. Alisema, "Tupo mlimani," na darasa zima tukajikunyata kwa baridi huku nje jua la mchana linachoma bati. Nami nitaandika hivyo hivyo. Wewe soma polepole, na penye nukta mwache aulize.

Hiki cha kwanza msomee akishaoga:

Chiriku wangu, mama yupo mlangoni. Jua linachomoza, linanipiga usoni, basi ninaelekea mashariki. Napita bombani. Napita kwa muuza mkaa, mtaa unaisha. Sasa nipo darajani. Chini yangu kuna mto, maji yake ni ya kahawia kwa sababu yamebeba udongo wa watu wengine huko yalikotoka. Mto unapoanzia panaitwa chanzo. Unapoishia panaitwa mdomo. Nimeegemea ukingo wa daraja, upepo unanivuta kitambaa cha kichwa. Hapa ndipo nilipo.

Msalimie mume wangu. Mwambie asifue mashati yake pamoja na gauni jekundu la mtoto, atakwenda kazini akiwa wa pinki.

Wifi yako,
Mama Chiriku


Nyumbani, 15 Februari

Mama Chiriku,

Barua imefika, na mdomo wako naona haujapungua hata kwa kifua kibovu. Mashati umechelewa. Kaka yangu ana mawili ya pinki, na mafundi wenzake huko wanakojenga wanamwita Bibi Harusi.

Nilimsomea. Nilisafisha koo kama karani wa mahakama, nikaanza. Penye nukta ya kwanza sikupumua, maswali yalikuwa yamejipanga. Mdomo wa mto una meno? Unakula nini? Tena akanibana: kama mto unaanza kwa chanzo ukaishia kwa mdomo, basi mdomo uko nyuma, mto unatembea kinyumenyume? Nikamwambia huyo ni mama yako ameandika, mimi ni msomaji tu, usinitafutie kesi.

Unajua sakafu yangu ilivyo, vipande vya vitambaa kila mahali. Akachukua kimoja cha khaki akatandika mlangoni, huo mtaa. Uzi wa bluu akauvuta, huo mto. Daraja ni rula yangu ya mbao. Kisha akachakura kopo la vifungo akatoka na kifungo chekundu. "Huyu mama," akakiweka juu ya rula. Kwa hiyo wiki hii nakata nguo za watu kwa kukadiria, maana rula iko kazini.

Kaka yangu hujifanya anafuta viatu wakati tunasoma. Kiatu kimoja, jioni nzima.

Lete kingine. Mtoto kila nikifungua mlango anauliza kama posta imepita.

Wifi yako,
Fundi


Hospitali, 26 Februari

Wifi yangu,

Barua yako niliisoma kwa sauti wodi nzima. Hapa husomi peke yako, ukificha bahasha wanakusuta. Jirani yangu ni bibi mmoja mwenye kitanda cha dirishani, ndivyo tunavyomwita, Bibi wa Dirishani. Amekaa hapa siku nyingi kuliko wote. Alicheka kuhusu mto wa kinyumenyume mpaka nesi akaja kumshika mgongo. Akasema, "Watu husema penzi ni kikohozi, halifichiki. Humu sasa atajulikana nani anapenda na nani anaumwa?"

Dawa ni nyingi, zinanigeuza tumbo. Lakini asubuhi nikimeza vidonge namwambia Chiriku kimoyomoyo, hiki chako, hiki chako, mpaka kiganja kinabaki kitupu.

Msomee hiki:

Chiriku, sasa mama yupo kwenye tambarare. Tambarare ni ardhi iliyolala chali. Hakuna mlima, hakuna bonde, macho yanatembea mpaka yanachoka. Ukisimama hapa unaiona mvua ikinyesha kwa watu wengine, kama pazia la kijivu, na wewe hulowi. Daraja letu limebaki nyuma, halionekani tena. Basi linakimbia lakini kwa kuwa hakuna kitu cha kupita, unadhani limesimama. Nyasi ni ndefu, ng'ombe anaonekana pembe tu. Hapa ndipo nilipo.

Akiuliza kwa nini ardhi ilale chali, mwambie imechoka kubebwa na milima. Jibu hilo silo la mwalimu, ni la kwangu.

Mama Chiriku


Nyumbani, 12 Machi

Mama Chiriku,

Hatujambo. Barua nimeisoma, ni nzuri. Mtoto anakula. Mafua yalimpitia kidogo yakaondoka. Nina sare za shule nyingi za kushona, miguu imevimba kwa cherehani, ndiyo maana naandika kwa ufupi.

Kaka yangu anakusalimu. Anasema meza dawa.

Fundi


Hospitali, 24 Machi

Wifi yangu,

Nimeigeuza barua yako nyuma na mbele nikitafuta swali la Chiriku, sikuliona. Chiriku bila swali? Labda cherehani imekumeza. Basi hata umwandikie moja tu, la kijinga kabisa, nitalifurahia.

Bibi wa Dirishani kila posta ikija anauliza, "Mjukuu wangu amesemaje kuhusu ardhi ya chali?" Nimemwambia bado anafikiri.

Hiki ni cha milima, nimekiandika kwa wiki nzima:

Chiriku, tambarare imeisha. Barabara imeanza kupinda, inapanda kama nyoka anayepanda ngazi. Mama yupo mlimani. Masikio yanaziba, ukimeza mate yanafunguka. Hewa ya juu ni baridi, kwa hiyo wingu likifika hapa linachoka, linakaa. Nipo ndani ya wingu. Si pamba kama tulivyodhani, ni maji yaliyosimama hewani. Nikitazama nyuma sioni tulikotoka, pamefunikwa. Hapa ndipo nilipo.

Nijibuni mapema.

Mama Chiriku


Nyumbani, 9 Aprili

Mama Chiriku,

Tuko salama. Cha milimani nimekisoma. Mtoto ametulia sana siku hizi, hasumbui. Analala kwangu, kwa baba yake anasema kuna baridi. Anakua, gauni la bluu nimelishusha pindo. Mara nyingine ulimi unamteleza ananiita mama, usijali, ni watoto tu.

Wewe angalia kifua chako, ya huku tuachie.

Fundi


Hospitali, 20 Aprili

Wifi,

Nakuuliza bila kupindapinda, na usinijibu kwa habari za pindo la gauni.

Mtoto wangu amenisahau?

Maana niliacha mtoto anayeuliza mpaka usingizini. Wewe unaniambia ametulia, hasumbui. Niliacha mtoto anayekuita shangazi. Sasa anakuita mama, na unasema ulimi umeteleza. Ulimi wa Chiriku hauna utelezi, nimeulea mimi. Nimeandika milima, nimeandika wingu, nimeandika mpaka vidole vimeingia ganzi, na hakuna aliyenijibu hata "wingu lina ladha gani." Asiyekuwepo na lake halipo, wamesema wahenga, ila sikujua kama na mtoto amo.

Sikulaumu kumpenda. Nani asingempenda. Unamlisha, unamlaza, unamshusha pindo. Lakini ni wangu, wifi. Ni yeye tu nilichonacho ambacho sikuazima.

Ijumaa basi linapita hapa getini asubuhi. Nimemwambia nesi naondoka, akasema nikiondoka kabla ya dawa kuisha ugonjwa utarudi umekomaa, na nitaupeleka kwa huyo huyo mtoto. Nikamjibu, kama mtoto hanijui tena, dawa hizi nanywa kwa ajili ya nani? Bibi wa Dirishani ndiye aliyenishika gauni. Alisema yeye mara ya kwanza alitoka hapa kwa hasira kama yangu, na ndiyo sababu sasa kitanda cha dirishani kina jina lake. Ameniomba ningoje jibu moja.

Nangoja moja.

Mama Chiriku


Nyumbani, 27 Aprili

Mama Chiriku,

Kaa kwanza, ndipo usome. Kama umefunga mkoba, fungua.

Haya ninayoandika kaka yangu alinikataza. Alisema mgonjwa hapelekewi habari za kumkosesha usingizi, na usingizi nao ni dawa. Nikamtii, ni mkubwa wangu. Jana nilimsomea barua yako yote. Nilipofika kwenye dawa unazonywa kwa ajili ya nani, alitoka akakaa nje juu ya matofali. Aliporudi alisema neno moja, "Mwandikie."

Chiriku hajakusahau. Chiriku hataki nisome barua zako.

Daraja alilipenda, nilikueleza. Ikaja tambarare. Nikasoma, akatandika kitambaa cha kijani, akakinyanyua kile kifungo kutoka kwenye rula akakiweka katikati ya chumba. Akakaa anakitazama. "Kesho anarudi darajani?" Nikamwambia mama hayuko darajani wala kwenye nyasi, mama yuko hospitali, amelala. Akasema, "Umesoma mwenyewe. Hapa ndipo alipo."

Ilipokuja ya tatu alikuwa ameshapima kwa macho. Baada ya tambarare kuna kitanda changu, baada ya kitanda kuna ukuta. Chumba kinaishia hapo. Nilichana bahasha, akaniwahi akaniziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Usiisome, shangazi. Ukiisoma atasogea."

Umeelewa, wifi? Wewe ulikuwa kitanda cha tatu kutoka mlangoni, umelala. Kwake yeye ulikuwa bado njiani, ukienda, na kila barua ikija unakuwa mbali zaidi ya jana. Na mtu wa kukusukuma ni mimi, kwa sauti yangu hii.

Nilijaribu kumwelewesha. Nikamwambia mama alifika zamani, anasimulia tu. Akaniuliza, "Basi mbona kila barua yuko mbali zaidi?" Elimu yangu ni futi kamba, haipimi swali kama hilo. Toka siku ile nyumba imekuwa kimya. Anaomba maji, anasema ndiyo, anasema hapana. Mtu wa posta akipita anakwenda kujificha nyuma ya cherehani. Cha milimani nimekisoma peke yangu, ndiyo maana nilikuandikia "nimekisoma." Nilikuwa nachagua maneno kama mtu anayekata gauni kwenye kitambaa kilichopungua.

Na hilo la kuniita mama. Nilimuuliza kwa nini ananiita hivyo. Nilitegemea nini sijui. Mimi sijajaliwa, unajua, na neno lile lilinipita likaniachia joto. Akanijibu, "Kwa sababu wewe husogei."

Ndiyo hiyo sababu, wifi. Mimi nimekaa kwenye cherehani, basi.

Usitoke huko. Ukitoka utakuja na ugonjwa, na huku hatuna mtoto mwingine. Nipe maneno ya kumwambia, nitayasoma hata akiniuma vidole.

Fundi


Hospitali, 6 Mei

Wifi yangu,

Mkoba nimeufungua.

Nimekaa na barua yako tangu juzi. Nilidhani ninamjengea njia ya kunifikia, kumbe ninajihamisha mwenyewe kwa kalamu. Mwalimu wetu alipotupeleka mlimani, kengele ikilia alikuwa palepale mbele ya ubao, tunamwona. Hilo sikulifikiria. Sisi tulikuwa naye.

Maneno makali niliyokuandikia yatupe jikoni yawashie moto. Na lile joto ulilosema, usilionee haya.

Bibi wa Dirishani alinishauri nijirudishe. "Andika kinyume," alisema, "leo mlimani, kesho tambarare, keshokutwa darajani. Mtoto atatulia." Nilianza, nikaandika vizuri sana, nikashuka mlima, nikavuka nyasi. Darajani kalamu ikagoma. Siku nitakayofika mlangoni kwa barua na yeye akaufungua mlango, ataona nani? Makohozi yangu bado ni machafu. Kumpoteza njia bila kujua kulinitosha, kwa makusudi sitaweza. Nikaichana.

Msomee hiki. Kwanza mwambie hakuna safari ndani yake:

Chiriku, hapa ni wodini. Nilifika mchana wa siku ile ile niliyokuaga, sikupita pengine tena. Safari ilikuwa ya siku moja, mimi ndiye niliyeiandika polepole ikaonekana haina mwisho. Nisamehe.

Kitanda changu ni cha chuma, miguu yake imewekwa kwenye saruji. Dirishani kuna mlima. Nimeuangalia asubuhi na jioni, uko palepale. Geti liko palepale. Chini ya geti kuna maji membamba yanatoka kwenye mawe, hata wewe unaweza kuyaruka. Nimeuliza watu wa hapa, wameniambia ni mto wetu, ule wa darajani. Hapa ndipo kwenye chanzo. Kwa hiyo kinachotembea ni maji peke yake, na yanakuja kwako. Mimi nimekaa.

Njia yote unayo. Sitasogea hata hatua. Ukitaka kunifikia, anza wewe, ukiwa tayari. Uwe unamwambia shangazi upo wapi, aniandikie. Mimi nitakusoma kwa sauti.

Mama Chiriku


Nyumbani, 3 Juni

Mama Chiriku,

Aliniacha nisome. Alikuwa amejishika masikio lakini vidole vilikuwa na nafasi, niliona. Nilipofika kwenye kitanda kilichowekwa kwenye saruji alimgeukia baba yake akamuuliza, "Saruji inasogea?" Kaka yangu, mtu wa maneno ya kuokoteza, alieleza saruji mpaka chakula kikapoa. Mchanga, kokoto, maji, ikishika imeshika. Sijawahi kumsikia akisema kirefu hivyo, hata siku ya posa yako.

Siku kadhaa zikapita. Halafu Jumamosi akaja kusimama kando ya cherehani. "Shangazi, nataka kuanza." Nikavuta kitambaa cha kijani. Akasema hapana, daraja lenyewe. Nikafunga kazi, wateja wakaninunia, tukaenda kwa miguu mpaka darajani. Haya ni yake, mimi nimeshika kalamu tu:

Mama. Nipo darajani. Nimefika kweli. Kiatu kimoja kimeingia tope. Maji yako nimeyaona, ni machafu. Kwako ni masafi? Nani anayachafua? Daraja lina tundu, hukuliandika. Kuna mbuzi, hukumwandika. Usisogee. Mimi ndiye ninakuja. Kesho sitaenda tambarare, nitapumzika kwanza.

Tukiwa tunarudi aliniuliza wingu lina ladha gani. Nikalia barabarani, watu wakadhani nimefiwa.

Fundi


Hospitali, 28 Julai

Wifi yangu,

Chiriku amekaa kwenye tambarare yake ya kitambaa cha kijani tangu mwezi uliopita, na nimesoma kila alichotuma. Ng'ombe, kichuguu, mvua ya watu wengine. Wodi nzima inamfuata. Mwambie maji kwangu ni masafi, na wanaoyachafua ni watu wote, kila mmoja kidogo. Mwambie wingu halina ladha, nilitoa ulimi.

Bibi wa Dirishani ametutoka. Ilikuwa alfajiri, tulikuwa tumelala. Nesi alianika godoro lake juani, na sote tukawa tunaligeuzia mgongo. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameniuliza, "Mtoto kafika wapi?" Nikamwambia bado yuko kwenye nyasi. Akasema, "Mwache, asije akaumia miguu." Kitanda chake nimepewa mimi. Sikutaka, nikakichukua.

Sasa sikiliza. Vipimo vya kwanza vilitoka safi nikakaa kimya, niliogopa kuvitaja. Jana vimetoka vya pili. Safi. Daktari amesaini. Tarehe kumi na nane mwezi ujao naachiliwa, dawa zilizobaki nitamezea nyumbani, na ameniambia kwa kinywa chake naweza kumbeba mwanangu.

Ningeweza kupanda basi siku hiyo hiyo nikawagongea mlango. Nimelala nikiuona mlango huo. Lakini nilimpa neno kuwa sitasogea, na yeye hajafika hata chini ya mlima. Nikitokea mlangoni, atanifurahia, kisha kila nitakapokwenda sokoni ataangalia mlango. Nifanyeje? Mwulizeni mwenyewe.

Mama Chiriku


Nyumbani, 7 Agosti

Mama Chiriku,

Tumekaa kikao, watu watatu na cherehani. Kaka yangu akamweleza mtoto yote: mama amepona, anaweza kuja, au twende. Nilidhani atarukaruka. Alifikiri kwanza. "Akae. Nakwenda mimi." Baba yake akamuuliza, "Na mlima utaupandaje, Bibi Mkubwa?" Akasema, "Na basi. Kwani mama alipanda na nini?"

Kaka yangu ameomba ruhusa kazini. Tarehe kumi na nane watapanda la alfajiri. Mimi siwezi kuja, shule zinafunguliwa na sare hazijakwisha. Hivyo ndivyo mdomo unavyosema. Ukweli ni kwamba sitaki nionekane nimesimama kati yenu.

Nimemshonea gauni jipya, la njano, ulione kwa mbali. Kitanda changu kitakuwa kipana. Nitalala kama mtu tajiri.

Fundi


Getini, hospitali, 18 Agosti

Wifi yangu,

Hii sitaitia posta, nitakupa mkononi kesho. Nimezoea kukwambia mambo hivi, mengine nikiyasema nitayaharibu. Mwandiko utanisamehe, naandika kwa mkono mmoja kwenye benchi la mlinzi.

Gauni la njano nililiona basi halijasimama.

Walishuka mchana. Baba yake akamwonyesha, "Yule pale." Hakuja. Mimi nimenenepa, wifi, kichwa wamenikata nywele, nguo si yangu. Alisimama ng'ambo ya yale maji membamba akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu anayebisha hodi usiyemtarajia. Baba yake akamgusa mgongo, mtoto akauepusha. Miguu yangu ilitaka kukimbia. Nikashika nguzo ya geti nikaizuia.

Kisha akauliza kutoka kule kule: "Kwetu ni wapi?"

Mume wangu akasema, "Swali gani hilo la kumuuliza mama yako?" Nikamwambia mwache.

Jua lilikuwa utosini, halikunisaidia. Lakini nilikuwa nimelala miezi yote hiyo nikiangalia linakozamia, kila jioni, nikiwafikiria nyie. Nikanyoosha mkono kupita bega la mlima. "Kule."

Akauangalia mkono wangu. Akageuka, akanyoosha wa kwake kwenye barabara waliyoijia, akalinganisha. Ndipo akayavuka maji, peke yake, alikataa kushikwa. Akaja akashika gauni langu, gauni tu, akalivuta kama anayejaribu mshono.

"Umekaa," akasema.

"Nimekaa."

Hayo ndiyo yote tuliyosema kwanza. Baadaye maneno yalifunguka, na mlinzi hapa ameulizwa mpaka amesingizia ana zamu. Mume wangu anasema ndani ya basi aliwatangazia abiria njia nzima, hii tambarare, haya masikio yataziba mezeni mate, na kina mama wakawa wanameza kweli. Kondakta alitaka kumwajiri.

Wifi, lile neno alilokuita usimrudishie. Nyumba yetu ni ndogo lakini mama wawili wataenea. Na kulala, alale atakapo.

Tutalala gesti hapa jirani, kesho tunapanda la asubuhi. Baba yake amesimama na mkoba, anasema twende kabla vyumba havijajaa. Namwambia angoje kidogo. Chiriku amelala kwenye mkono wangu wa kushoto tangu mlinzi atukimbie, mdomo wazi. Mkono umekufa ganzi mpaka begani, na bado sijausogeza.

Mama Chiriku